Mama wa usafi ameteleza kwa korido akavunjika mkono, kila mtu anasema si yeye. Hii kosa ni ya nani?

LabuYaChini · Jumapili usiku

Wadau habari za jioni, naomba mnisaidie na hii kitu juu sijalala vizuri tangu Alhamisi. Mimi ni teknishiani wa maabara ya kemia kwa chuo kimoja hapa Nairobi, jina wacha likae. Korido yetu ya chini iko na paipu inapita karibu na dari na imekuwa ikivuja kama wiki tatu hivi. Si kuvuja ya kutisha, ni tone, unangoja, tone. Siku ya kwanza nikaona wacha niweke karai, lile la plastiki ya kijani tulikuwa nalo stoo, na kila asubuhi nikifika nalimwaga kwa sinki narudisha. Watu wakazoea. Wanafunzi wanaliruka, madaktari wa falsafa wanaliruka, hata dini (dean) wetu nimemuona akiinua suruali kidogo akaruka.

Jumatano nilitumwa town kuchukua vifaa vya kioo nikaenda moja kwa moja kutoka nyumbani, kwa hivyo asubuhi hio halikumwagwa. Usiku likajaa likafurika. Ile sakafu ni terazo ya kitambo, ikilowa huoni maji kabisa, na balbu ya hapo iliungua mwezi uliopita. Mama wetu wa usafi akaingia saa kumi na mbili asubuhi na ndoo mkono mmoja na mopu mkono mwingine, akateleza, akajaribu kujishika na ukuta, kiganja kikageuka nyuma. Mimi nilifika saa moja nikamkuta ameketi chini ameweka mkono kwa lesso kama mtoto. Kifundo cha mkono kimevunjika pahali pawili. Tulimpeleka hosi na gari ya mwalimu mmoja.

Sasa angalia vile lawama imezunguka. Meintenansi wanasema hawakupata fomu. Mkuu wa idara anasema korido si ya idara, korido ni ya chuo. Soja wa usiku anasema aliandika kwa OB (kile kitabu cha matukio) na kweli nimeonyeshwa, “maji korido ya chini” na saa iko hapo, lakini OB inasomwa na nani? Mimi nilimwambia jamaa wa meintenansi kwa mdomo tukiwa kwa laini ya chai akasema sawa sawa. Lakini supavaiza wa ile kampuni ya usafi ndio alinimaliza, anasema mama hakuwa na gambuti kwa hivyo alijiletea.

Na kuna kitu inanikula zaidi ya hizo zote. Kama singeweka lile karai, si watu wangepiga kelele siku ya kwanza?

---

Mtu_wa_Ngara

Karai ndio mshtakiwa nambari moja 😂 Pole lakini, na pole kwa mama. Kwa ofisi yetu kuna soketi imefungwa na selotepu tangu niandikwe, kila mtu mpya anaonyeshwa choo ni hapa, chai ni saa nne, na hio soketi usiguse. Imekuwa sehemu ya kukaribisha wageni.

---

KofiaNgumu

LabuYaChini, mimi ni ofisa wa usalama kwa kiwanda huku Inda (Industrial Area). Kabla uulize kosa ni ya nani uliza kama ajali imeripotiwa DOSHS, ile idara ya serikali ya usalama na afya kazini, juu saa inatembea. Ajali ikiua mtu, taarifa inafaa kufika ndani ya saa 24, na hii ya kuvunjika ni ndani ya siku saba kwa maandishi. Alhamisi ilikuwa siku ya kwanza. Kesho Jumatatu mtu apeleke hio taarifa, wako Commercial Street si mbali.

Mwajiri wa mama ni hio kampuni ya usafi, kwa hivyo fidia ya WIBA (sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini) inaanzia kwao, wao ndio wanafaa kuwa wamemkatia bima na bili ya hospitali ni yao. Lakini jengo ni la chuo, na OSHA (sheria ya usalama na afya kazini) ya 2007 kifungu cha 6 inamwambia mwenye eneo la kazi ahakikishe usalama wa watu wote wanaofanya kazi hapo. Haijasema wale wako kwa peroli yake. Kwa hivyo chuo hakiwezi kusema “huyo ni wa kontrakta” kikaosha mikono, na kontrakta naye hawezi kusema “hio ni paipu ya chuo” akapotea.

Hio maneno ya gambuti wacha nicheke kidogo. Gambuti hazikaushi sakafu. Kwanza unafunga paipu, halafu unarudisha taa, halafu unaweka kizuizi watu wapite upande ule mwingine, na hizo zote zikishindikana ndio tunaanza kuongea viatu. Mtu akiruka hadi kwa viatu moja kwa moja jua anatafuta pa kutorokea. Na WIBA haimnyimi mtu fidia ati juu hakuwa makini, hadi ionekane alifanya utundu wa makusudi, na hata hapo kama ulemavu ni mkubwa bado analipwa.

Wewe sasa. Kifungu cha 13 cha OSHA kinamgusa mfanyakazi: ukiona hatari ambayo huwezi kurekebisha mwenyewe, mwambie mkubwa wako. Laini ya chai si mkubwa wako. Sisemi ni kosa yako lakini umeuliza.

---

NusuMkate

Hapa ndio mimi huwa natofautiana na nyinyi watu wa usalama. “Wajibu ni wetu sote.” Mshahara si wetu sote, marupurupu ya safari si yetu sote, prado si yetu sote, lakini maji yakimwagika ghafla sisi ni familia. Teknishiani aliweka karai na pesa yake ama ya stoo, soja akaandika OB, mama akaja kazi na saa. Hao watatu wa chini ndio walifanya kitu. Wale wa juu waliruka. Sasa mnaanza kugawa lawama mnaanza na teknishiani?

---

KofiaNgumu

NusuMkate nakuelewa na hujakosea sana. Nimekaa kwa mikutano mingi ambapo bango la “usalama ni jukumu la kila mtu” limebandikwa juu ya mlango wa dharura uliofungwa na kufuli. Lakini wajibu wa pamoja si kugawana kama chapati, kila mtu kipande sawa. VC, yaani mkuu wa chuo, kipande chake ni pesa na sera na kuhakikisha kuna mtu analipwa kusoma hio OB. Mkuu wa idara kipande chake ni kupita hio korido na macho wazi. Cha teknishiani ni kidogo, kuandika. Lakini hakuna mwingine anaweza kumfanyia hicho kidogo, juu ni yeye alikuwa anajua maji yanajaa kwa muda gani.

Na swali lingine: chuo chenu kina kamati ya usalama? Pahali pakiwa na watu 20 kwenda juu ni lazima, wafanyakazi na menejimenti idadi sawa, na wanakutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Uliza anayewakilisha watu wa maabara ni nani, alafu uliza wa watu wa usafi. Nipe majibu.

---

Spana14

Mimi ni plamba wa meintenansi, si kwa chuo chenu, kwa kingine. Wacha pia mimi nitetee watu wangu kidogo. Unajua kwa siku moja mtu wa meintenansi anaambiwa vitu ngapi kwa njia? Natoka choo cha hosteli nimebeba kinyesi cha watu kwa ovaroli, mtu ananisimamisha “boss kuna tap inalia ofisini kwangu”, nasema sawa, nikifika kona nimesahau. Sijakataa, nimesahau. Bila jobu kadi mimi hata stoo sipewi elbo moja ya paipu, na jobu kadi inataka sahihi tatu na mmoja wa hao watatu huwa ameenda wokshopu Naivasha.

Halafu kuhusu hio paipu. Kwani hamkuona ilikuwa inavuja sana usiku kuliko mchana? Mchana watu wanafungua mifereji presha inashuka. Usiku kila kitu kimefungwa, tangi la juu limejaa, presha yote inalala kwa hio joint yenye kutu. Kwa hivyo karai lako lilikuwa linapimwa vibaya, ulikuwa unaona maji ya mchana unafikiria ndio hayo, kumbe kazi inafanyika ukiwa umelala. Dawa ya dakika mbili ilikuwa kufunga geti valvu ya hio laini jioni na kufungua asubuhi. Nani anajua iko wapi? Bet yangu ni hakuna.

---

LabuYaChini

Spana14 umenivunja. Valvu iko nyuma ya kabineti ya asidi kwa stoo yangu mwenyewe. Miaka sita naiona, nilidhani ni ya gesi ya zamani.

KofiaNgumu nimetafuta kamati. Iko. Iko kwa tovuti na picha, watu wamevaa reflekta. Mwakilishi wa wafanyakazi ni mzee alistaafu kitambo. Watu wa usafi hawana mtu juu “si wafanyakazi wa chuo”.

---

Dekio_na_Sabuni

Nyinyi mnaongea fomu na kamati, mimi wacha niwaambie vile huku chini iko. Mimi nasafisha ofisi hapa town, niko na kontrakta pia. Tunaingia saa kumi na moja na nusu asubuhi na taa za korido huwa zimezimwa ati bili ya stima, kwa hivyo unasafisha na tochi ya simu ukiwa umeishika na meno. Gambuti nilipewa saizi nane, mimi navaa tano, nikavaa soksi tatu ndani, nikaona heri ndala. Na zilikatwa kwa mshahara.

Ukiripoti kitu mara ya kwanza wanakuambia asante. Mara ya pili wanakuambia wewe mama una maneno. Mara ya tatu unahamishwa saiti unapelekwa Mlolongo na wewe unakaa Kangemi, nauli pekee inakumaliza, unaacha mwenyewe. Hakuna mtu amekufuta.

Huyo mama mwambieni asisaini karatasi yoyote ya supavaiza kabla asomewe na mtu wake. Mwenzangu alisaini ati ni ya dawa, kumbe ameandika aliumia nyumbani.

---

KofiaNgumu

Mama, hio ya kukatwa mshahara kwa gambuti sheria haitaki, vifaa vya kujikinga ni mwajiri anatoa bila kukulipisha. Na kifungu cha 8 cha OSHA kinakataza kumwadhibu mtu kwa sababu amelalamikia hatari.

---

Dekio_na_Sabuni

Asante mwanangu. Lakini hio sheria iko kwa ofisi yenu huko Inda na mimi niko kwa ngazi na ndoo. Nikienda kushtaki ni siku moja bila mshahara kabla hata nianze kusikizwa.

---

KofiaNgumu

Hapo sina jibu nzuri, nitakuwa nadanganya. Njia yenye nimeona ikisaidia ni mwenye jengo kusema kwa mkataba wa kontrakta kwamba ripoti za hatari zinakuja kwake moja kwa moja, sio kupitia supavaiza. Maana supavaiza analindwa na kimya yako. Lakini hio ni mpaka mwenye jengo atake.

---

MzeeWaBureti

Wanangu, mimi nilifanya kazi ya maabara miaka mingi mpaka nikastaafu, na nimesoma haya yote polepole na miwani yangu. Nitawapa kisa kimoja cha mbali kisha nirudi hapa kwetu.

Mwezi wa Desemba 2008, katika chuo cha UCLA kule Marekani, msaidizi wa utafiti wa miaka 23 alikuwa akivuta kemikali fulani kwa sirinji ya plastiki, kemikali ambayo ikigusana na hewa tu inawaka. Sirinji ikaachana. Alikuwa amevaa sweta ya nyuzi za viwandani, hana labkoti, na sweta ya namna hiyo haiungui tu, inayeyuka juu ya ngozi. Alifariki baada ya siku 18. Sasa sikilizeni sehemu ambayo mimi hunikosesha usingizi. Miezi miwili kabla, wakaguzi wa chuo chenyewe walikuwa wamepita katika maabara ile ile na kuandika kwamba watu hawavai labkoti. Iliandikwa. Profesa wake alikuja kushtakiwa yeye binafsi pamoja na chuo, na kesi ya profesa haikufikia makubaliano mpaka 2014.

Kwa hiyo ndugu KofiaNgumu unasema andika, na mimi nasema ndiyo andika, lakini nimeona madaftari yaliyoandikwa vizuri kwa hati ya kupendeza na hakuna aliyeyafungua. Pale kwetu tulikuwa na tabia moja tu iliyotuokoa. Hatari ikionekana, aliyeiona anapewa uwezo wa kusimamisha kazi pale pale, hata kama ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alipiga kengele ndogo ya shaba iliyokuwa juu ya meza yangu. Siku moja kijana alipiga kengele kwa sababu mwalimu mgeni alikuwa anamimina maji ndani ya asidi badala ya asidi ndani ya maji. Mwalimu alikasirika sana. Nilimpa chai.

Kijana wa karai, usijitese. Lakini niambie ukweli wako, baada ya wiki ya kwanza ulikuwa bado unaliona lile karai, au mkono ulikuwa unalimwaga peke yake?

---

LabuYaChini

Mzee shikamoo. Mkono ulikuwa unalimwaga peke yake.

---

Komredi_wa_Hosteli

Nimesoma hii yote nikiwa kwa mat Thika Road na imenifikia. Sisi kama wanafunzi huwa hatujihesabu kabisa. Hizo korido tunapita mara kumi kwa siku kuliko hata wafanyakazi na mtu akiona maji anapiga picha anaweka stetasi na emoji ya kuogelea. Mimi nimewahi. Sikuwaza kutumia mtu yeyote kwa chuo hio picha, na hata ningewaza sijui ningetumia nani.

Swali tu, hio sheria ya kazini inatushughulikia ama sisi si wafanyakazi?

---

KofiaNgumu

Komredi, hamko kazini lakini sheria hio hio inalinda pia watu wengine wanaoweza kuumizwa na shughuli za pahali pa kazi, kwa hivyo chuo hakiwezi kusema ninyi ni wapita njia. Ila WIBA ni ya waajiriwa, ukiteleza wewe usingoje fidia ya huko.

Na LabuYaChini, juu najua mtu atakuja kusema mtafutieni mama wakili: dai la WIBA linaanzia kwa mkurugenzi wa DOSHS, sio kortini. Mahakama ya Juu ilithibitisha hio sheria 2019. Wakili anaweza kusaidia na karatasi lakini asiwapeleke mbio.

---

NusuMkate

Mimi bado nasema wale waliruka karai wakiwa na tai waitwe majina yao kwa mkutano.

---

LabuYaChini · Ijumaa

Nimerudi na habari. Jumatatu nilienda kwa mkuu wa idara na barua, si maneno, na skrinishoti ya OB. Alisoma mara mbili akaniuliza kama nimepeleka kwingine, nikamwambia nakala iko kwa meintenansi na kwa kamati, akakaa kimya halafu akapiga simu. Ripoti ya ajali kampuni ya usafi ilipeleka Jumanne, supavaiza amebadilisha wimbo, sasa anasema “tulikuwa tunangoja mama apone aandike taarifa”. Mama ameambiwa plasta ni wiki sita. Hakusaini kitu, Dekio_na_Sabuni, nilimpigia usiku ule ule nikamsomea vile uliandika, akacheka akasema huyo anawajua.

Paipu ilirekebishwa Jumatano. Spana14 ilikuwa joint, vile ulisema, imeoza inatoka na vidole. Fundi alimaliza kwa dakika arobaini pamoja na kuchukua chai. Wiki tatu na mkono wa mtu, kwa kazi ya dakika arobaini. Balbu pia imewekwa na valvu nimeifunga kibao cha rangi nyekundu nikaandika ni ya nini.

Kuhusu kamati, wamesema watatafuta kiti cha watu wa usafi “kikao kijacho”. Mwezi gani hawajasema, nimeuliza kwa barua pepe.

Lile karai nimeliosha nikalirudisha stoo. Leo nimepanda orofa ya tatu ya jengo la pili kupeleka pipeti, nikapata ndoo ya rangi ya lita 20 imekaa chini ya dirisha, imejaa nusu, na gazeti limetandikwa chini yake vizuri sana. Nimesimama hapo nikaangalia watu wanne wakipita. Nimepiga picha nikatuma na jobu kadi saa tano asubuhi. Saa hii ni saa tisa.